Mangi wa Kitabuni na Mangi wa Dukani: Nani Anamsimulia Mchagga?

Utangulizi

Kipo kichekesho ambacho kila mwanafunzi wa chuo hiki amekwisha kukisikia, na wengi wetu tumekwisha kukisimulia. Mchagga ameanguka sakafuni, watu hawana hakika kama yu hai au amekufa. Wa nini kumwita daktari? Dondosha sarafu karibu na sikio lake. Asipofumbua macho, basi nendeni mkachimbe kaburi. Watu wanacheka, na Mchagga aliyepo naye anacheka, pengine kuliko wote. Kisha mazungumzo yanaendelea.

Nilipokitaja kichekesho hiki katika semina yetu ya fasihi simulizi, mwenzangu mmoja alisema hakifai kuhakikiwa. "Huo ni utani tu, bwana." Hapo ndipo nilipoanzia. Tangu lini utani ukaacha kuwa fasihi? Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba utani una fani, una maudhui, una fanani na hadhira, na kwamba unazaliwa na mahusiano halisi ya watu. Kama ngano ya Sungura na Fisi inaandikiwa kurasa kumi za uhakiki, kwa nini Mchagga na sarafu yake aachwe aende zake?

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, Mchagga wa kwenye utani na Mchagga wa kwenye kitabu ni mtu mmoja anayetazamwa kutoka pande mbili, na kila upande una kitu unachokificha. Pili, huko kujiita Wachagga, yaani kuwaita watu wote wa mlimani kwa jina moja, kulijengwa kwa kiasi kikubwa kwa lugha ya Kiswahili. Kwa hiyo fasihi ya Kiswahili haiwezi kusema mambo haya hayaihusu. Nitatumia matini tatu: utani huo wa sarafu, kitabu cha Petro Itosi Marealle kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera (1947), na riwaya ya Elieshi Lema iitwayo Parched Earth (2001).

Jina na wenye jina

Tuanze na jina. Wasomaji wengi hudhani Wachagga walikuwapo siku zote wakiwa kitu kimoja, kama mlima wenyewe. Sivyo. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, mlimani kulikuwa na tawala nyingi ndogondogo: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Mkuu, Usseri na nyinginezo. Kila moja ilikuwa na Mangi wake, makorongo yaliyokuwa mipaka yake, na namna yake ya kusema. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipigana vita hasa, si maneno. Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli pale Old Moshi mwezi Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, kila mmoja wa wale walionyongwa alikuwa kwanza mtu wa utawala wake.

Kahawa ndiyo iliyowakusanya. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama chao, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Mwaka 1933 nafasi yake ikashikwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake lingali katikati ya mji wa Moshi. Mkulima wa Rombo na mkulima wa Machame, ambao babu zao huenda walinyang'anyana ng'ombe, sasa walikuwa na mzani mmoja na bei moja. Siasa ikafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, cheo ambacho hakikuwapo enzi za Rindi na Sina. Ikawapo bendera, na ikawapo Siku ya Wachagga, kila tarehe 10 Novemba. Cheo hicho hakikudumu. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura, wakaamua wawe na rais wa kuchaguliwa kwa muda badala ya Mangi Mkuu, na mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikaondoa utawala wa machifu nchi nzima.

Sasa, ndugu msomaji, angalia suala la lugha. Mimi ni mzaliwa wa Rombo. Bibi yangu akikutana na bibi wa Machame, kila mmoja akashikilia lugha ya kwao, hawafiki mbali. Baada ya kusalimiana wataingia kwenye Kiswahili. Mkutano wa ushirika uliowakutanisha watu kutoka pande zote za mlima ungeendeshwaje? Gazeti la baraza la Wachagga la miaka ya 1950 liliitwa Komkya, yaani kumekucha. Jina lilikuwa la Kichagga, habari zilikuwa za Kiswahili. Hapo pana jambo kubwa: Mchagga mmoja, yule asiye wa Kibosho wala wa Marangu bali wa mlima mzima, alipotaka kujisemea alijisemea kwa Kiswahili.

Mambo kama haya yametokea hata mbali na kwetu. Huko Marekani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini hawakuwa jamii moja. Jina la Latino liliwakuta wakiwa wengi, wenye historia mbalimbali, na wengine mpaka leo hulivaa kwa shingo upande. Lakini jina lilipata hesabu. Sensa ya 1980 iliwauliza watu wote kama wana asili hiyo, na sensa ya 2020 ikawahesabu milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Kwa hesabu hiyo wanasiasa wanawafuata na wafanyabiashara wanawafuata. Waandishi wao nao hawakungoja kusimuliwa. Sandra Cisneros alipotoa The House on Mango Street mwaka 1984, alimpa msichana wa mtaa mmoja wa Chicago nafasi ya kusema kwa nafsi ya kwanza habari za nyumba yao na za jina lake. Yule Latino wa kwenye sinema, mwenye kisu au fagio, alipata mtu wa kumjibu.

Kwetu sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Hiyo ilikuwa hekima, na sisemi turudi nyuma. Lakini tuyaone matokeo yake. Katika sensa ya 2022 mkoa mzima wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,861,934, katika nchi ya watu milioni 61.7. Hao ni kama watatu tu katika kila mia, na ndani yao wamo Wapare wa Same na Mwanga na wengineo. Ni kweli kwamba wengine wengi wamehama, wako Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Hata hivyo ukisikiliza maneno ya mtaani utadhani nusu ya nchi ni Wachagga: maduka yote yao, ofisi zote zao, shule zote zao. Pasipo hesabu, utani ndio unaohesabu. Na ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, utani uliacha kuwa utani. Chama kikiwa na viongozi wa kutoka Kilimanjaro kilipachikwa jina la chama cha Wachagga, na ubishi ukaishia hapo.

Mangi wa kitabuni

Petro Itosi Marealle alikuwa Mangi wa Vunjo, mtu wa ukoo uliotawala Marangu. Kitabu chake hakitajwi sana katika madarasa yetu kwa sababu tunakihesabu kuwa cha mila na desturi, si fasihi. Mkuki na Nyota walikitoa upya mwaka 2002, kwa hiyo udhuru wa kusema hakipatikani ulikwisha kitambo. Mimi nasema tukisome kama matini ya fasihi, na tuanzie kwenye jina lake.

Jina linasema "Mchagga", umoja. Halisemi "Wachagga". Ngeli hiyo inafanya kazi kubwa. Mwandishi angeweza kusema watu wa Marangu hufanya hivi na watu wa Kibosho hufanya vile. Yeye anamuumba mhusika mmoja, asiye na jina la ukoo wala korongo, anayezaliwa, anakua, anaoa na kufa kwa niaba ya mlima mzima. Mhusika huyo hakuwapo kabla ya kahawa na ushirika. Kwa maana hiyo kitabu hakimweleze Mchagga tu, kinasaidia kumuunda, miaka minne kabla ya Mangi Mkuu wa kwanza kuchaguliwa. Siwezi kumlaumu Marealle kwa hilo, maana kila taifa lina waandishi wa namna hiyo. Lakini tukumbuke kwamba anayesema "Mchagga" hapa ni Mangi, na ni wa Vunjo.

Neno la pili ni "ahera". Hili limetoka kwenye Kiarabu, likapita pwani, likapanda mlima pamoja na Kiswahili. Mangi wa mlimani anawaeleza wahenga wa mlimani, wanaokaa chini ya migomba na kudai pombe na nyama, kwa neno la madrasa. Je, huko ni kupotoka? Nadhani ni ujasiri. Alikuwa na maneno ya Kivunjo ya kutosha. Akachagua neno litakalomfikia mtu wa Hai na wa Rombo, na hata wa Tanga, wote kwa mara moja.

Neno la tatu ndilo dogo kuliko yote: "na". Duniani na ahera. Mchagga wa kitabu hiki haishii kaburini. Maisha yake ni safari moja yenye nyumba mbili, na mlango uko katika kihamba. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo na makaburi ya ukoo mahali pamoja, limezungushiwa masale, mmea uleule unaowekwa kaburini na unaopelekwa kuomba msamaha. Aliye hai anakula ndizi zilizokua juu ya waliomtangulia. Huwezi kukiuza kihamba hivihivi, kwa sababu utakuwa umeuza na babu.

Sasa turudi kwenye sarafu. Utani na kitabu vyote viwili vinamkamata Mchagga mahali pamoja: mpakani mwa uhai na mauti. Hilo si jambo dogo. Katika kitabu, anayevuka mpaka huo anapokewa na kundi la watu: wazazi, wahenga, watoto watakaomkumbuka. Katika utani yuko peke yake sakafuni. Hana mke wala mtoto, hana mama wa kumlilia, na kihamba hakitajwi. Kinachomrudisha ni chuma. Kwa lugha ya darasani, huyo ni mhusika bapa aliyekamilika, ana sifa moja tu, na ukiiondoa hakuna kinachobaki. Msimuliaji amechukua mtu mwenye ukoo mzima, akaufuta ukoo, akabakiza mfuko.

Mangi wa dukani

Linganisha na neno "mangi" lenyewe. Leo Dar es Salaam ukimtuma mtoto "nenda kwa Mangi", haendi ikulu ya chifu. Anaenda dukani kununua sukari robo na kiberiti. Neno la kiti cha enzi limehamia kaunta. Muuzaji akiwa Mpare au Mnyiramba, naye ataitwa Mangi na ataitika. Wanaisimu watatuambia kwamba maana imepanuka. Mimi naona pia historia nzima katika silabi mbili: utawala ulipoondolewa mwaka 1963, jina lilikosa mahali pa kukaa, likafuata watoto wa mlimani walikokwenda kutafuta riziki.

Na kwa nini walikwenda? Hapa utani unajibu kwa neno moja: pesa. Lakini mila zilizoelezwa na watafiti wa mlima zina jibu lenye maelezo. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa kihamba chake, na wa mwisho alibaki na kile cha baba. Wa katikati walitazamiwa wajitafutie. Zamani msitu ulikuwa mkubwa na nafasi ilikuwapo. Watu walipoongezeka, wa katikati hakuwa na pa kwenda ila kushuka. Kahawa nayo iliyumba. Serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, ikaja kuviruhusu tena kwa sheria ya 1982, na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ikaporomoka. Wapo waliong'oa mibuni. Nyuma ya kaunta ya Mangi wa dukani mara nyingi amekaa mtoto wa katikati asiye na kihamba. Anahesabu sarafu, ndiyo. Nani asingehesabu?

Kisha inafika Desemba. Mabasi ya Moshi yanajaa, na mji unafurika magari hadi barabara za Kibosho na Marangu. Watani wanasema Wachagga wameitwa kuhesabiwa. Mtu aliyejibana miezi kumi na moja anachinja mbuzi, anapaka rangi nyumba ambayo hakai mtu, anasimama mbele ya kaburi la baba yake. Ukiwa umesoma sarafu tu, mwenendo huu ni kichaa, maana bahili gani hujenga nyumba ya kufungwa mwaka mzima? Ukiwa umemsoma Marealle unajua kwamba hiyo ndiyo ile "na" ya jina la kitabu. Sarafu iliyomfumbua macho ilikuwa na mahali pa kwenda.

Lakini tusipambe mno. Kitabu nacho kina wasiomo. Hayumo yule asiyepanda basi Desemba kwa sababu duka limekufa na haya zinamzuia kwenda mikono mitupu. Hao wako wengi, na utani unawaumiza mara mbili. Mwaka wa pili nilikwama ada, nikawaomba wenzangu chumbani wanikopeshe. Wakacheka kwa dhati, si kwa ubaya. "Mchagga gani huna hela?" Walidhani ninatania. Nilicheka nao, nikatoka nje. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba usawiri wa wahusika unaweza kumfika mtu mpaka mfukoni.

Binti hayumo

Aliyekosekana zaidi katika matini zote mbili ni mwanamke. Mchagga wa utani ni mwanamume. Mchagga wa Marealle naye, kwa sehemu kubwa, ni mwanamume: ndiye anayerithi na kuoa, na ndiye anayekuja kuwa mhenga. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Ukienda Kiboriloni siku ya soko utaona ni akina nani walioishika biashara ya mlima kwa miguu yao, lakini hakuna anayemwita mama wa ndizi "Mangi". Neno limepanuka hadi kwa Mnyiramba, halijapanuka hadi kwake.

Pengo hilo aliliziba kwa namna yake Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, katika Parched Earth. Doreen analelewa na mama asiyeolewa, Foibe, na anakua akiuona uzito ambao jamii inampa mtoto wa kiume, Godbless. Baadaye ndani ya ndoa yake mwenyewe uzito huohuo unamwangukia. Doreen ni mhusika duara. Anapenda, anakosea, anajiuliza maswali, hasemi kwa niaba ya kabila lolote. Ndiye jibu la kweli kwa sarafu na kwa umoja wa Marealle pia, kwa sababu mtu mmoja mwenye jina lake analishinda jina la jumla.

Lakini Lema, ambaye hadithi zake za watoto kama Safari ya Prospa (1995) ni za Kiswahili, riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza. Ana haki, na soko la vitabu tunalijua lilivyo. Ila angalia kinyume kilichotokea. Mwaka 1947 Mangi aliandika Kiswahili ili mlima mzima umsome. Mwaka 2001 binti wa mlima alipokuja kusema lile ambalo Mangi hakulisema, alilisema kwa lugha ambayo mama wa Kiboriloni hataisoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na imeandikwa. Hadithi ya kumfanya kaka yake aione haki hiyo haijamfikia kwa lugha yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya Wachagga katika jamii yetu, iwe ya kweli au ya kukuzwa, imetangulia mbali mbele ya fasihi inayowasimulia. Tunazo kahawa, shule na maduka, lakini picha zetu katika Kiswahili ni ya bahili sakafuni na ya mwanamume mmoja wa jumla aliyechorwa na mtawala. Ya kwanza inamnyang'anya mtu ukoo wake, na katika ya pili ukoo ni mkubwa mno hata mtu haonekani.

Baadhi ya wahadhiri wetu watasema kwamba kuandika habari za kabila ni kufufua ukabila. Wasiwasi huo nauheshimu, maana nchi yetu imepona mengi kwa kukaa kimya juu ya jambo hili. Lakini ukabila haukungoja vitabu. Uko kwenye utani, uko kwenye kampeni, uko chumbani ada inapokwama. Riwaya ya Kiswahili yenye Mangi wa dukani mwenye mama, deni na kihamba asichokuwa nacho haitaongeza ukabila hata chembe. Itamfanya msomaji wa Lindi au Kigoma amwone mtu, akamfikirie na jirani yake vilevile. Na Mmakonde, Mpare na Mhaya nao wana sarafu zao katika utani, zinazongoja kuhakikiwa.

Wale wanaokwenda nyumbani likizo hii, iwe Rombo, Newala au Bukoba, nawaomba waende na daftari. Waandike utani wanaosimuliwa na ule wanaosimulia wao, na waandike nani hayumo. Mwenye hoja tofauti na hizi alete makala yake kwa toleo lijalo, tubishane kwa maandishi.